Bei ya Bedifodi ya Baba

Kanoge, Katumba,
S.L.P. 41,
Mpanda.
7 Septemba 2025

Mpendwa Dada Emelyne,

Amahoro. Naomba barua hii ikukute umekaa kivulini, si umeinamia pipa la mawese kama mwanao Rosine alivyokupiga picha mwezi uliopita. Goti lako la kushoto linasemaje? Shemeji Dieudonne bado anameza dawa za presha, au ameziacha tena akisema amepona? Mwambie presha haiponi kwa kutangaziwa. Wajukuu hawajambo? Nasikia mdogo ameanza kuota meno na anawang'ata wote bila kubagua. Huyo atakuwa wa ukoo wangu.

Huku hatujambo, kwa kiasi cha mtu wa Septemba. Jua kali, vumbi la barabara limeingia hadi kwenye unga, na kila mwenye kitalu cha tumbaku anabeba ndoo asubuhi na jioni. Mke wangu Suzana anakohoa, lakini ni kikohozi cha vumbi, si cha kitandani. Mimi macho yanapungua. Sasa nina miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuitafutia ile ya kusomea. Nimefika miaka hamsini na mmoja, nimegombana na wahariri, mapadri, wenyeviti na makarani wa tumbaku, na leo nakuambia wewe peke yako kwamba nimechoka. Siumwi. Nimechoka tu, kama mtu aliyepiga kelele sokoni kutwa nzima, akageuka akakuta watu walishaondoka.

Utanisamehe kwa kuandika Kiswahili. Kirundi changu cha kuandika kinatia aibu, na wewe ulikuwa ukikicheka tangu nikiwa darasa la pili. Naandika badala ya kukurekodia sauti kwa sababu sauti yangu ikianza kubishana haijui kusimama. Karatasi angalau inakubali kufutwa.

Ujumbe wako wa dakika nne niliupata Jumatano, tarehe ishirini ya mwezi wa nane. Niliusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira, mara ya pili nilikuwa natafuta mahali pa kukujibu, mara ya tatu nilikaa tu. Ulisema: "Silvester, umeanza tena. Huo ukweli wako kila siku unalipiwa na miguu ya wengine." Nimeandikiwa matusi mengi na watu waliosoma kuliko wewe na mimi, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunipiga pale pale namna hiyo.

Najua mdogo wetu Arcade alikusimulia kwa simu kwamba nimeharibu mauzo ya lori la Baba. Alichokuambia ni kweli, ila ni nusu. Niruhusu nikupe nusu nyingine, kisha mwishoni nitakuomba kitu, na utaamua.

Unajua kwamba tangu Baba afariki lori limekaa nyuma ya nyumba ya Arcade. Yeye ndiye aliyelitunza. Mimi nilikuwa nalitaja kwenye makala, yeye alikuwa analitia oili. Unajua pia kilichotokea miaka mitatu iliyopita: alikuwa chini yake akibadilisha springi, jeki ikateleza, likamkalia nyonga. Usichokijua, kwa sababu kwenye simu huwa anakuambia "naendelea vizuri", ni kwamba hawezi tena kukaa kwenye kiti cha kawaida. Anakaa ubavu, kwenye gogo. Akitaka kugeuka kitandani anamwamsha mkewe Evaline amsaidie. Ana miaka arobaini na sita na anatembea kama Babu alivyokuwa akitembea mwaka wake wa mwisho. Daktari wa Mwanza alisema nyonga ile ni ya kubadilishwa, na kila mwezi unaopita mfupa unazidi kulika. Pamoja na safari na kulala kule, ni milioni kumi na moja. Hakuna kati yetu aliyewahi kuziona zikiwa zimekaa pamoja.

Sasa, mwezi wa sita nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Arusha. Ana uwanja wa magari ya kale, anayapanga kama ng'ombe mnadani na watalii wanalipa kuyatazama. Alikuwa amesoma makala yangu ya mwaka 2013, niliyoandika makazi yetu ya wakimbizi ya Katumba yalipotimiza miaka arobaini. Wewe ulikuwa umesharudi Burundi, sidhani kama uliwahi kuisoma. Niliandika kwamba Bedifodi ya Baba ndiyo lori lililowabeba watu wetu wa kwanza kutoka mpaka wa Burundi mwaka 1973, kwamba Baba alikuja amebebwa nyuma yake akiwa hana hata kandambili, na kwamba miaka kumi na mitatu baadaye alilikuta linauzwa Tabora, akalitambua, akalinunua. "Aliyebebwa akarudi kumnunua aliyembeba." Niliipenda sana sentensi hiyo. Watu waliikata gazetini wakaibandika ukutani.

Mzee wa Arusha alisema analitaka lori hilo, ila kwanza atamtuma mtu wake alipime thamani.

Huyo mtu alikuja mwezi wa saba. Anaitwa Venant, fundi mstaafu, mfupi, mwenye mikono kama mizizi ya mti. Nilitegemea mtu wa kalamu na kamera. Akafungua begi akatoa tochi, kipande cha msasa, na sumaku aliyoifunga kwenye soksi. Hakuuliza swali hata moja. Alilizunguka lori akiigusisha ile sumaku kwenye bati. Iliponasa alitikisa kichwa, ilipoanguka alicheka peke yake.

"Hapa si bati, ni puti," alimwambia Arcade. "Na hapa. Na hapa. Fundi, wewe umepiga puti au umesiliba nyumba?"

"Nilikuwa naziba kutu, mzee."

"Ungeiacha kutu. Kutu ni ya kwake mwenyewe."

Akaingia uvunguni kwa mgongo. Tulimsikia akiguna huko chini muda mrefu, sisi tumesimama kama watu wanaosubiri majibu ya maabara. Alipotoka alijifuta mikono akaanza kuhesabu. Injini ni ya Isuzu. Giaboksi imetoka kwenye gari jingine ambalo hata yeye hakulitambua. Taa moja ya basi. Usukani wa trekta. Akasema, "Chake hasa ni chesisi, boneti na mlango mmoja. Waliobaki wote ni wageni." Halafu akanitazama na kutabasamu. "Naona hapa Katumba hata magari mnayaandikisha uraia."

Siku nyingine ningemla nyama. Nilishawahi kumtoa mtu kwenye harusi kwa mzaha mdogo kuliko huo. Lakini Arcade alicheka mpaka akashika nyonga yake kwa maumivu, na mimi nikajikuta nacheka pia.

Nilimuuliza kama mchanganyiko huo unashusha thamani. Akasema kwa tajiri wake thamani ya gari iko kwenye vitu viwili, chuma na habari. Chuma chetu ni hafifu. Habari yetu ndiyo iliyomtoa Arusha. Kisha akaomba kadi ya gari, akaisoma akiwa ameishika mbali na macho, akarudi tena mbele ya lori, akasugua kutu kwa msasa mahali palipogongwa namba, akaisoma kwa tochi. Aliponirudia alizungumza polepole, bila kejeli.

"Mwalimu, kadi inasema liliandikishwa mara ya kwanza Tabora mwaka sabini na saba, kwa jina la mfanyabiashara wa mbao. Nikasema labda kadi imekosea, kadi zinakosea. Lakini namba ya chesisi inasema vile vile. Gari hili mwaka sabini na tatu lilikuwa bado mawe ardhini."

Dada, nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia Suzana. Sikushtuka. Kadi ile nilikuwa nayo mezani nilipoandika makala. Niliiona sabini na saba. Nikaigeuza juu chini nikaweka kikombe cha chai juu yake. Nilijiambia ni kosa la karani, na mimi huyu ndiye mtu ambaye kwa miaka thelathini sijawahi kumsamehe karani yeyote kosa la herufi moja. Nilihitaji lori. Makala ilikuwa nzuri na ilikuwa inahitaji lori.

Baba aliisoma makala ile. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akaikunja, akasema, "Umeandika vizuri." Nikachukulia kwamba amekubali. Sasa naona alikuwa ananisifu uandishi.

Venant hakuwa mtu mbaya. Aliniambia waziwazi kwamba tajiri wake hasomi namba za chesisi, anasoma magazeti. Mimi nisaini karatasi ya historia, mwandishi mwenyewe, na lori litachukuliwa kwa milioni thelathini na nane. Bila karatasi hiyo ni lori kuukuu la mchanganyiko, na yeye hawezi kumshauri avuke milioni kumi na tatu. "Mimi nimepima chuma," alisema. "Hiyo nyingine pima wewe."

Thelathini na nane kwa warithi watatu. Fungu la kila mmoja lingemtosha Arcade kwa nyonga yake bila kumwomba mtu, na wewe ungemlipa ukamalizana na yule bwana mnayegawana naye shamba la michikichi. Najua hesabu hiyo uliifanya. Hata mimi niliifanya, na fungu langu nilishalijengea maktaba kichwani, yenye rafu za mninga.

Usinichukulie mtakatifu. Nilikubali kusaini. Nilijipa sababu zote, na unajua sikosi sababu. Nilisema, dunia hii inatoa milioni thelathini na nane kwa ajili ya hadithi ya mkimbizi na haitoi elfu kumi kwa mkimbizi mwenyewe, basi tuichukue kupitia mlango iliouacha wazi. Nilisema, kama si lori hili ni jingine la namna hii hii, chuma ni chuma. Arcade yeye hakuhitaji falsafa. Alisema tu, "Kaka, hilo lori limenila mguu. Kwa nini lisinilipe?" Nikamjibu kwamba litamlipa.

Venant alirudi tarehe kumi na sita ya mwezi wa nane na karatasi iliyochapwa. Lakini tajiri alikuwa ameongeza jambo. Alitaka pia picha ya video ya mzee mmoja aliyepanda lori hilo mwaka 1973, akae nyuma kwenye bodi na kusimulia. Nikasema hilo si tatizo, yupo Shangazi Helena. Kwenye sherehe za miaka arobaini alisimama mbele ya watu akapiga bodi ya lori letu kwa kiganja na kusema, "Hili hapa ndilo lililotuleta," na watu walilia.

Shangazi sasa ana miaka sabini na saba. Tukampandisha kwa ngazi, Evaline anamshika mbele, mimi nasukuma nyuma. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Venant akaandaa simu yake. Nikiwa na kalamu mkononi, karatasi imetandazwa juu ya boneti, Shangazi akaniita kutoka juu.

"Silvester. Niseme nilikaa upande gani?"

Nikamwambia, "Shangazi, sema pale ulipokaa."

"Nilipokaa mimi palikuwa na turubai, na lori lilikuwa refu kuliko hili, na dereva alikuwa anatupa maji kwenye kopo. Hili halina pa kufungia turubai. Ndiyo maana nakuuliza."

"Sasa mbona siku ile ulisema ndilo lenyewe?"

Akanishangaa. "Si wewe uliyesema? Wewe ndiye uliyesoma. Lilikuwa kwenye gazeti. Mimi Helena nibishane na gazeti?"

Evaline alicheka, Venant akacheka, hata mimi nilianza kucheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa anaangalia zile mbao, anapima kwa mkono kutoka ukingoni, kama mtu anayegawa chumba. Akauliza tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi ilipo:

"Na Pacifique, niseme alifia upande gani?"

Unamkumbuka Pacifique. Mimi simkumbuki, nilikuwa sijazaliwa. Ni yule mwanawe wa miezi minane aliyekata roho njiani, na wewe uliwahi kuniambia kwamba Shangazi alimfunika uso na kuendelea kumpakata hadi mlipofika, ili wasishushwe kumzika porini. Kwa miaka hamsini na miwili mwanamke huyu amejua ni mahali gani pa lori mtoto alifia mikononi mwake. Mimi nikaja na gazeti langu nikamwambia lori ni hili. Akakubali, kwa heshima, kwa sababu mimi nimesoma. Na sasa alikuwa ananiomba nimwoneshe ubao.

Nilifunga kalamu. Nilimwambia Venant, "Zima simu." Nikamwambia Shangazi ashuke, lori si lenyewe, na kosa ni langu. Akasema, "Nilijua si lenyewe," akashuka, akaomba chai.

Arcade aliingia ndani kwa magongo yake, na kwa siku tisa hakuongea nami. Akiniona nakuja anageuka, na kugeuka kwake unajua kunavyomgharimu sasa. Ndipo alipokupigia wewe, na ndipo uliponitumia zile dakika nne. Sikulaumu. Simlaumu naye. Mtu ambaye nyonga yake inasagika hawezi kulishwa ukweli wa kaka yake kwa chakula cha mchana.

Siku ya kumi alikuja mwenyewe hadi kwangu, mita mia nne, akipumzika kila nguzo. Alisimama mlangoni akasema, "Haya, andika hiyo ya kweli basi. Tuuze kwa hizo kumi na tatu. Lakini na wewe uandike kwamba lilinivunja mimi. Usije ukaandika watu wote ukanisahau." Nikamwambia ndilo litakalokuwa la kwanza. "La kwanza la nini," alisema. "Weka kwa mwaka wake."

Basi nilikaa kuandika historia ya kweli ya lori lile, mwaka kwa mwaka, kutoka kwenye kadi na daftari za Baba. Nilidhani itakuwa nusu ukurasa. Marobota ya tumbaku, misimu ishirini na miwili. Mahindi mwaka wa njaa. Kwaya ya kigango kwenda Mpanda, na kurudi wakiimba mpaka mbuzi wanakimbia. Majeneza, Baba aliandika kila moja na jina, na hakutoza. Kisha nikafika mwaka 2009. Mwandiko wa Baba unasema: "Mizigo ya wanaorudi, hadi stesheni. Safari kumi na moja." Chini yake ameziorodhesha. Safari ya tatu imeandikwa: "Emelyne."

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii kuwa ndefu.

Mwaka 2009 haumo kabisa katika makala yangu. Niliruka kutoka 1973 hadi vyeti vyetu vya uraia wa Tanzania kama mtu anayeruka mtaro. Watu wetu wengi waliondoka na lori lile, na mimi niliyeliita lori la historia sikuandika safari hata moja kati ya hizo kumi na moja. Wote waliosoma makala waliona lori lililoleta watu. Halikuleta mtu. Lori la Baba lilikuondoa wewe, dada yangu.

Na mimi sikuwepo. Asubuhi ile nilikuwa kwenye mkutano nikihutubia, nikisema kwamba anayerudi Burundi ni sawa na mtu anayerudi kulala kwenye nyumba iliyomuungulia. Watu walipiga makofi. Walijua ninamsema nani, kwa kuwa mlikuwa mnapakia cherehani yako kando ya barabara iliyopita mbele ya mkutano. Uliposikia makofi, labda ulinisikia na mimi. Jioni Baba alirudi amejaa vumbi, akanawa, akasema, "Aliuliza ulipo." Nilikuwa na hoja nyingi nzuri, Dada, na bado naziamini baadhi yake. Nilifikiri mnatuacha kwenye shauri la uraia tulilokuwa hatujalishinda bado. Lakini hoja haikuwa inanizuia kutembea nusu saa hadi stesheni na kukubebea cherehani. Hilo lilikuwa jeuri tu. Nilikosea. Nimeliandika, na sitalifuta.

Sasa ombi langu. Mzee wa Arusha ameipokea habari ya kweli kwa simu. Alisema malori ya tumbaku anayo manne, lakini kwa kuwa Venant ameshalipima atalichukua kwa milioni kumi na tatu. Anakuja mwisho wa mwezi. Ofisi ya kijiji inataka saini za warithi wote watatu.

Kumi na tatu ukiigawa mara tatu haimfikishi Arcade Mwanza. Isipogawanywa inamfikisha, na chenji ya Evaline kula kule. Mimi fungu langu nimeshalitia saini liwe la Arcade. Hilo si ukarimu, mimi ndiye niliyempotezea zile milioni nyingine. Wewe hukumpotezea kitu. Fungu lako ni haki yako, na najua lilikuwa na kazi kwenye michikichi. Nakuomba umwachie. Nakuomba, hilo neno nadhani hujawahi kulisikia kutoka kwangu, na mimi nimelijaribu kwa sauti kabla ya kuliandika.

Arcade hajui kama nimekuomba. Amekataza. Alisema, "Mwache Dada na michikichi yake, amehangaika vya kutosha." Kwa hiyo ukikataa, hatajua kwamba ulikataa, na mimi sitajibu. Hakutakuwa na ujumbe wala makala. Nitatafuta njia nyingine na nitakupenda vile vile.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni ya ridhaa, mahali pa saini yako nimeweka alama ya penseli. Ya pili ni historia ya lori, itakayokwenda nalo Arusha. Mwaka wa Arcade umo, ameusoma na kusahihisha siku, ilikuwa Alhamisi si Ijumaa. Ila kwenye safari ya tatu ya mwaka 2009 nimeacha mistari minane mitupu. Siwezi kuiandika, kwa sababu sikuwepo. Iandike wewe, kwa Kirundi au Kiswahili, upendavyo: mlipakia nini, ulikaa upande gani, Baba alisema nini njiani. Hata kama ile ya kwanza utairudisha bila saini, hii nakusihi uijaze. Sitagusa hata nukta.

Barua anakuletea Mama Mariana wa hapa Kanoge, anakuja Rumonge kuwaona ndugu zake. Anarudi tarehe ishirini na tano. Mpe bahasha mkononi, asipewe mtu mwingine.

Shangazi Helena anakusalimu, anasema goti lipakwe mawese ya moto, na usimsikilize daktari kijana. Suzana anakusalimu kwa kukohoa. Evaline anasema kitenge ulichomtumia kimempendeza mno hata ameogopa kukivaa. Arcade anakusalimu, anasema anaendelea vizuri. Nisalimie Shemeji Dieudonne, Rosine na wanawe, na yule mwenye meno.

Mungu akulindie mikono yako na hayo magoti, aipe michikichi yako mvua isiyo na upepo, na akupe jirani asiyekugombeza mpaka wa shamba.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, aliyechelewa kukusindikiza,

Silvester